Sili wa Hawaii: kuchanja au kudhibiti paka?

Sili watawa wa Hawaii, wanyama wa baharini wanaopumzika ufukweni, wamebaki kama 1,600 tu, na maradhi mawili yanawanyemelea.

La kwanza ni virusi vya morbili, ndugu wa virusi vya surua. Mlipuko bado haujawapata, ila Ulaya mwaka 1988 virusi vya jamii hiyo viliua sili zaidi ya 17,000. Kinga ipo: tangu 2016 wataalamu humnyatia sili aliyelala mchangani, wakamdunga kwa sindano iliyofungwa kwenye fimbo ndefu. Wiki chache baadaye hurudi na dozi ya pili, wakimpata. Kazi ya kuchosha, lakini inafanyika.

Toksoplasma ni balaa jingine kabisa. Sili hawana chanjo yake. Kimelea hiki hukamilisha uzazi wake ndani ya utumbo wa paka. Paka mmoja hutoa mamilioni ya vijiyai kinyesini, mvua ikavisomba hadi baharini, vikadumu humo miezi. Sili akionekana mgonjwa, mara nyingi huwa ni kuchelewa mno kumwokoa.

Dawa hapa iko nchi kavu: kupunguza paka wazururaji, jambo ambalo wapenda paka hawataki hata kulisikia. Mimi ningeanza na paka. Virusi bado ni tishio. Paka wanaua sasa hivi.