Shali ya rafiki: uzi wa pamba au uzi wa sweta?

Ukitaka kumfumia rafiki yako shali kwa kroshia, amua kwanza uzi: wa pamba, au wa akriliki ambao wengi tunauita uzi wa sweta.

Kama rafiki anaishi Tabora, mimi nachagua akriliki bila kusita. Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi za kule zina baridi kavu, na shali hii inatunza joto bila kumlemea mabegani. Inafuliwa na kukauka haraka. Adui yake ni pasi: ikiguswa na pasi ya moto, nyuzi zinalegea, zinalala, na hazinyanyuki tena. Mwambie kabisa unapomkabidhi. Baada ya muda pia huota vidonge vidogo pale mkoba unaposugua.

Kigoma ni habari nyingine. Joto la kando ya Ziwa Tanganyika linataka pamba, maana inapitisha hewa, inanyonya jasho, na kila ua ulilolifuma pembeni linaonekana wazi. Ila pamba ni nzito na hainyumbuki, vidole huchoka mapema. Ikilowa huvutwa na uzito wake, kwa hiyo ianikwe ikiwa imelazwa juu ya taulo, isitundikwe kambani. Fuma kipande kidogo kwanza, ukifue, ukipime, kwani pamba huweza kurudi.

Na usikaze mkono. Pamba iliyokazwa husimama kama mkeka, haianguki mabegani.

Uzi wowote utakaouchagua, nunua wote siku moja; rangi ya mzigo mwingine huenda isilingane.