Deep Rock Galactic: gemu ya onlaini ambayo watu hawatukanani, na nadhani najua kwa nini

Wadau, kama umeshachoka kutukanwa na watu usiowajua kila ukiwasha gemu, hii rivyu ni yako. Ntaongelea Deep Rock Galactic, sio gemu mpya, iliingia Steam (duka la gemu za kompyuta) na Xbox kwa majaribio Februari 2018 alafu toleo kamili likatoka Mei 2020, na PlayStation ikaipata 2022. Imetengenezwa na studio ya Denmark inaitwa Ghost Ship Games. Sifa yake kubwa watu wanakwambia ni "jamii nzuri", wachezaji wapole, karibu sana mgeni na kadhalika. Mi hiyo sifa nilikuwa siiamini hata kidogo maana kila gemu ina mashabiki wanaosema watu wao ndo wastaarabu kuliko wote. Baada ya kuicheza sana nimekubali ni kweli, ila sikubali kwamba ni bahati, au kwamba wachezaji wake wamezaliwa na roho nzuri kutuzidi sisi wengine. Ni watu wale wale tu, wengine nimewakuta kwenye gemu zingine huko wanawaka moto. Kilichobadilika ni sheria za gemu.

Kwanza kwa ambaye hajui. Mko wanne, nyie ni vibeti wenye ndevu mnaofanya kazi kwenye kampuni ya madini angani, mnashushwa ndani ya sayari moja inaitwa Hoxxes, huko chini kuna mapango, giza, na wadudu wakubwa kama buibui wanawajia kwa makundi. Mnachimba mlichotumwa, mnaitisha chombo cha kuwarudisha juu, mnakimbia. Basi. Mapango yanatengenezwa upya kila misheni kwahiyo huwezi kukariri njia, na karibu ukuta wowote unaoona unachimbika, ukitaka kutoboa mlima katikati unatoboa.

Kila mtu ana kazi yake. Scout ana bunduki ya kurusha mianga na ndoano ya kamba inayomvuta hadi juu. Engineer anarusha majukwaa yanayoganda ukutani, na anaweka mitambo inayopiga risasi yenyewe. Driller anatoboa miamba kwa kasi ya ajabu, na Gunner ana silaha nzito, ngao ya kufunika wenzake na kamba ya kuwavusha korongo. Sa angalia hapa: madini yako juu kabisa kwenye dari, Scout peke yake akijivuta hadi pale hana pa kukanyaga, anachimba jembe mbili anadondoka na kuvunjika. Engineer akirusha jukwaa moja chini ya yale madini, Scout anapanda, anasimama, anachimba kwa raha zake. Hawajaongea neno, pengine hata lugha moja hawana. Scout kaelekeza leza (kila kibeti anayo ya kuonyeshea vitu) pale juu, Engineer kaelewa. Ukiona hiyo kitu inatokea na mtu usiyemjua mara ya kwanza unasisimka kabisa.

Hiyo leza ndo inafanya nusu ya kazi ya maiki. Ukielekeza kitu kibeti wako anakitaja kwa sauti, wenzako wanaona alama, mnasonga. Kwahiyo unaweza kucheza usiku kucha bila kuwasha maiki na hamna atakayekuuliza mbona kimya. Kwa wanaojua gemu za onlaini hili ni jambo kubwa, hasa kwa wadada, na kwa wenye lafudhi ambayo kuna watu wakiisikia tu wanaanza maneno. Sauti yako haihitajiki ili uwe mchezaji mzuri, ukitaka kuongea ongea, hutaki acha. (Na ndio, leza hiyo hiyo kuna watu wanaitumia kuelekeza uyoga mmoja mara hamsini ili kibeti arudie kusema "uyoga, uyoga" hadi mchanganyikiwe, hakuna gemu isiyo na wapuuzi wake.)

Ila nikitaka kutaja sababu moja ambayo ni kubwa kuliko zote ntasema dhahabu. Kwenye zile gemu za mashindano za watano kwa watano, ambazo nimezicheza miaka na sitaki kutaja ipi, ukimmalizia adui mdogo aliyekuwa anapigwa na mwenzako, hela inakuja kwako na yeye kakosa. Yaani mwenzako wa timu moja, gemu imewafanya mgombanie mfuko. Ongeza kwamba mechi inaweza kufika dakika arobaini, huwezi kuondoka bila adhabu, na pointi zako za ranki ziko mikononi mwa mtu ambaye hujawahi kumuona, sa hapo unategemea nini kama sio matusi? Nimeshaitwa majina ambayo siwezi kuandika hapa, na mtu ambaye tulikuwa timu moja na tulikuwa tunaongoza! Tunaongoza bana.

Hapa dhahabu ikishachimbwa na yeyote ikaingia kwa Molly, yule roboti wa mizigo, ni ya wote. Sawa sawa. Leveli mnapanda pamoja. Kwahiyo ukiona mwenzako anachimba mshipa wa dhahabu huna sababu ya wivu, unafurahi na unamshikia taa. Mchezaji hodari sana akiingia kwenye timu yako ni faida tupu, na mgeni asiyejua kitu hakuharibii ranki kwa sababu ranki ya kuharibiwa haipo. Hakuna kupigana wachezaji kwa wachezaji. Mwisho wa misheni inatokea skrini inaonyesha nani kaua wangapi, nani kachimba kiasi gani, watu wanaitazama sekunde kadhaa wanapita zao baa ya kule kituoni.

Kuna jamaa anaitwa Richard Bartle, mmoja wa wawili waliotengeneza MUD ya kwanza kule Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, ile babu ya gemu zote hizi za watu wengi, enzi hizo ni maandishi matupu hamna picha. Baadae mwaka 1996 aliandika akawagawa wachezaji makundi manne: wa kutafuta mafanikio, wa kuchunguza, wa kupiga stori, na wale ambao raha yao ni kumsumbua mwenzao. Ukiangalia Deep Rock kwa jicho hilo utaona makundi matatu ya kwanza yamewekewa chakula cha kutosha, la nne limenyimwa meza. Sio kwamba limefungiwa kabisa, risasi yako inamuumiza mwenzako, na Driller ana bomu ambalo likilipuka karibu yako unalala chini, ila atakayelitumia kwa ubaya mwenye lobi, yaani aliyefungua misheni, anamtoa na hakuna alichopata.

Cha ajabu zaidi ni yale ambayo gemu haikulazimishi na watu wanayafanya tu. Mfano risasi. Mkiishiwa mnaitisha mzigo, unagharimu nitra 80, ile madini nyekundu mliyochimba pamoja, na ukishuka una sehemu nne. Hakuna kufuli. Mtu mmoja akiamua anaweza kuchota zote nne. Lakini adabu ni moja moja, na ukimaliza yako unasogea, anayetaka ya pili anauliza kwanza kwenye chati. Au kile kitufe cha kuita chombo cha kurudi, ukikibonyeza saa inaanza kuhesabu dakika tano na pango lote linawaka wadudu, kwahiyo mtu mwenye akili habonyezi hadi aone wenzake wamemaliza kuchimba. Na kwenye kukimbia, kwa sheria akifika mmoja tu ndani ya chombo misheni imefaulu. Mmoja tu! Wengine mnaweza kuachwa huko na ushindi ukahesabika. Sa mbona watu wanarudi nyuma, sekunde zimebaki chache, kumnyanyua mtu aliyelala mita mia huko gizani, mtu ambaye hawatakutana tena maishani? Na wakati mwingine wanakufa wote wawili na anayesubiri mlangoni anaandika "tumejaribu". Nimekuwa yule wa gizani, na nakwambia ukiona taa ya mtu inakuja inarudi upande wako badala ya kuondoka, gemu za ranki zinakutoka kichwani.

Kuna misheni nyingine mnasindikiza mtambo mkubwa wa kuchimba, jina lake Doretta. Mwisho Doretta anaharibika, kinabaki kichwa, na watu wanakibeba hadi kwenye chombo. Huyo anayebeba hawezi kupiga risasi wala kukimbia vizuri, wenzake wanamlinda. Doretta ni mashine tu, lakini jaribu kumuacha uone utakavyoangaliwa.

Alafu kuna kitufe cha salamu. Kwenye kompyuta ni V. Ukibonyeza kibeti ananyanyua jembe anapiga kelele ya kazi, "Rock and Stone", na wengine wanajibu. Inaonekana ni kitu kidogo sana ila fikiria, kila gemu ina njia elfu za kumwambia mtu kakosea, hii imeweka njia ya kumwambia umefanya vizuri na ikaifanya iwe kitufe cha karibu kabisa na kidole. Watu wanakitumia mno, mtu kanyanyuliwa, V, dhahabu imepatikana, V, hamna kinachoendelea, V.

Upande wa hela, maana hii ni rivyu. Unanunua mara moja. Vinavyouzwa pembeni ni nguo na rangi za silaha tu, hakuna bunduki ya kununua inayokupa nguvu. Misimu yake, yaani vipindi vya vitu vipya vya kufungua, haina pasi ya kulipia, ni bure kwa wote, na tangu msimu wa tano mwaka 2024 unaweza kurudi kwenye msimu uliopita ukamalizia ulichoacha. Hii nayo inapunguza presha, hakuna ile hofu ya usipoingia wiki hii kitu kimepotea milele, na mchezaji asiye na presha ana matusi machache, au ndo mi naona hivyo.

Sa mabaya yake. Hakuna seva za katikati, mchezaji mmoja ndo anakuwa hosti na wengine mnajiunga kwake. Maana yake ni mbili. Intaneti yake ikiwa mbovu au akiwa mbali sana na wewe lagi utaisikia, wadudu wanaruka ruka, unapiga hewa. Na akiondoka, makusudi au umeme umekatika, misheni imekufa kwa wote, haihamii kwa mwingine. Ukiwa dakika ya thelathini ya misheni ndefu hiyo inauma sana. Kwahiyo kama intaneti yako iko imara kuwa hosti wewe, utafanya wema kwa watu watatu. Hosti pia ana nguvu ya kumtoa yeyote, na kuna wachache wanatoa wageni kwenye ugumu wa juu bila hata salamu. Wachache lakini wapo, tusidanganyane.

Pia inajirudia. Baada ya muda mrefu utazijua aina zote za misheni, na kupanda leveli 25 alafu kurudi moja ili upate nyota ya cheo sio kila mtu ataona utamu wake. Kinachonirudisha ni zile Deep Dive za kila wiki, misheni tatu mfululizo, mapango ni yale yale kwa kila mchezaji duniani wiki hiyo, kwahiyo ukiingia Discord, ile app ya makundi ya kuchati, unakuta watu wanabadilishana habari, kwenye ya pili msimalize nitra mapema, ya tatu kuna shimo kulia. Hapo ndo nimepata watu ninaocheza nao hadi leo, wengine sura zao sizijui, mmoja najua tu ana mtoto mdogo maana katikati ya vita anasema "dakika moja" na kibeti wake anasimama ananyonywa na wadudu huku sisi tunamzunguka tunampigania.

Nani asinunue? Anayetaka kushindana, kupanda ranki, kumthibitishia mtu kitu. Huku utaboeka vibaya. Anayependa kucheza peke yake anaweza, anapewa roboti wa kuruka anaitwa Bosco na anachapa kazi kweli, lakini utakuwa umenunua nusu ya gemu. Na uwe makini na jina, kuna Deep Rock Galactic: Survivor, hiyo ni gemu nyingine kabisa ya mtu mmoja, nzuri tu ila usije ukainunua ukitegemea kucheza na washkaji.

Mgeni anza na ugumu wa pili, wa kwanza utalala usingizi. Chukua Gunner au Engineer, Scout mwache kwanza, anavutia sana ila kazi yake kuu ni kuwasha taa kwa wenzake na wageni wengi wanalisahau hilo, wanaruka ruka huko juu timu iko gizani. Na andika tu kwenye chati kwamba ni mgeni, usijifiche, mara nyingi kuna mzee wa ndevu nyeupe atakuonyesha kila kitu hadi mahali pa kupiga wale wadudu wenye ngozi ngumu. Kwa wanaotaka nyota: nampa nne na nusu kwa tano, nusu nimeikata kwa ajili ya hosti anayeondoka.