Ukaguzi wa Majengo ya Shule: Vipimo Vizuri, Ripoti Nzito

Kampuni iliyokagua majengo ya shule yetu ilifanya kazi ya kuridhisha, ingawa si kila sehemu yake inastahili sifa sawa. Kilichonivutia zaidi ni upimaji wa hewa: badala ya kupima darasa tupu, wakaguzi waliacha kipimo cha kabonidioksidi (gesi tunayoitoa tunapopumua) kikiendelea kusoma huku wanafunzi wameketi na madirisha yamefungwa, kwa kuwa hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za gesi hiyo kwa milioni, na kiwango kikivuka 1,000 darasani huwa ni ishara kwamba hewa haibadilishwi ipasavyo. Sampuli za maji nazo zilichukuliwa alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufungua koki, maana risasi, metali yenye sumu, huyeyukia katika maji yaliyolala ndani ya mabomba usiku kucha. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani cha risasi katika maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita. Rangi iliyobambuka kwenye fremu za madirisha ilikwanguliwa na kupelekwa maabara kupimwa kama nayo ina risasi.

Usalama wa moto ulipitiwa harakaharaka mno. Mlango wa bwalo unaofunguka kwa ndani ulitajwa katika mstari mmoja tu, ilhali watu wanaokimbia na kusukumana huuzuia usifunguke kabisa. Ripoti yenyewe, iliyosheheni majedwali, haikupanga kasoro kwa uzito wake, jambo ambalo mkuu wa shule mwenye bajeti finyu (na ni nani asiye nayo?) hulihitaji kuliko yote. Kwa hewa na maji ningewaita tena. Kwa moto, ningetafuta wengine.