Kupogolewa kwa Mkungu na Mwarobaini Nyumbani Tudor

Nyumba yetu ya Tudor, mtaa wa Mombasa, ina miti miwili niliyoikuta nilipoolewa hapa: mkungu uliotanda juu ya banda la makuti, na mwarobaini uliosimama kati ya jiko na nguzo ya umeme. Kila mwaka kusi inapoanza kuvuma mwezi wa Aprili na masika yakaja nayo, usiku hulala nikisikiliza matawi yakikwaruza mabati. Safari hii sikungoja. Mwishoni mwa Februari, kaskazi ikielekea kwisha na miti ingali mikavu, nilimwita fundi wa kupogoa kutoka Kisauni pamoja na vijana wake watatu, na ninaieleza kazi yao kwa ajili ya wenye nyumba wanaotafuta watu wa namna hiyo na hawajui wawapime kwa lipi.

Mimi mwenyewe nilikosea kipimo. Miaka mitatu iliyopita nilimpa kazi mtu mwingine kwa kuwa alitaka shilingi 4,000 tu. Alipanda na panga, akaukata mwarobaini kichwa chote, na adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa ameshaondoka. Baada ya miezi michache palipokatwa pakachipuka fito nyingi, ndefu na zilizosongamana, ambazo zilishika juu juu karibu na ganda wala hazikuwa na mizizi ndani ya shina kama tawi lililokua na mti tangu mwanzo. Ziliponenepa zikaanza kung'oka upepo ukizidi, na mojawapo ilipasua tangi letu la maji. Mti uliokatwa ili usituangukie ndio uliokuwa hatari kuliko ulivyokuwa kabla ya kuguswa.

Fundi wa Kisauni hakupanda siku ya kwanza. Aliizunguka miti taratibu, akagonga mashina kwa mgongo wa panga huku ametega sikio asikie kama ndani mna uwazi, akatazama udongo kama umepata ufa upande mti unakoinamia, akaangalia juu kama kuna nyuki. Alipofika chini ya waya unaoingia nyumbani alisimama. "Mama, tawi bichi hupitisha umeme, na kamba iliyolowa vilevile," aliniambia. "Laini ikizimwa tutapanda. Isipozimwa, upande huu hatuugusi." Tulisubiri siku mbili hadi mafundi wa umeme walipokuja kuizima, na kwangu subira hiyo ndiyo iliyonithibitishia kwamba nimempata mtu anayeijua kazi yake.

Tawi la mkungu lililokuwa juu ya banda nililitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Mkungu hutandaza matawi yake kwa tabaka, nayo hulala sana, hivyo uzito mwingi huwa mbali na shina. Kijana aliyekuwa juu, amejifunga mkanda, alipitisha kamba kwenye panda ya tawi la juu zaidi, akalifunga lile la kukatwa. Mwenzake wa chini akaizungusha kamba mara tatu kwenye shina ili isimponyoke. Kisha msumeno wa petroli ukapita kwanza upande wa chini wa tawi, kina kifupi tu, ndipo ukapita juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza. Bila mkato ule wa chini, tawi likikatika huvua ganda la shina hadi chini. Lilining'inia, likashushwa polepole, likakaa juu ya mchanga bila kugusa ukuti hata mmoja. Kisiki kilichobaki kilikatwa nje tu ya ule uvimbe ulioko shingoni mwa tawi, kwa kuwa hapo ndipo mti huanzia kufunika kidonda chake. Nilipouliza kama tupake rangi, fundi alikataa. Alisema kidonda kiachwe kikauke chenyewe.

Kwenye mwarobaini hakufyeka fito zote. Alichagua chache zilizoshika vyema na zilizoachana, akaondoa nyingine, akanieleza kwamba mti uliokatwa kichwa haurudishwi umbo lake kwa siku moja.

Gharama yote ilikuwa shilingi 18,000, nami siilalamikii. Yapo mawili ambayo sikuyapenda. Unga wa mbao uliachwa kwenye mifereji ya paa, na mvua ya kwanza iliposhuka maji yakafurika hadi ukutani. Kuhusu magogo tulikuwa hatujapatana mapema: wao walidhani ni yao wakauze kuni, mimi nilitaka ya mwarobaini yabaki, tukagawana, lakini mwenye nyumba na alifunge jambo hilo pamoja na bei.

Jambo la tatu ni zito zaidi. Kati ya watu wanne, helmeti zilikuwa mbili, zote juu ya mti, na kijana aliyeshika kamba chini ya tawi alikuwa kichwa wazi. Kusi imeshaingia sasa na mabati hayakwaruzwi tena, kwa hiyo nimemwomba fundi arudi Februari ijayo kuendelea na mwarobaini. Nimemwambia pia kwamba siku hiyo helmeti ziwe nne, la sivyo lango silifungui.