Kabati la kupiga mchanga: la dukani au la pipa?

Hapa Malindi chuma kinaliwa na chumvi kila siku, kwa hivyo suali hili haliishi: ununue tayari kabati la sandiblasti, yaani sanduku lililofungwa la kupiga chuma kwa punje na hewa ya kompresa hadi kutu itoke, ama umpe fundi akuchomelee pipa la lita 200?

Kwa bei pipa lashinda, hakuna ubishi. Kioo, glavu ndefu za mpira, bunduki ya kufyonza punje na kuzirusha, basi. La dukani lina taa na mlango unaobana, na hapo ndipo la pipa huchapwa, maana ukiacha upenyo kidogo tu kando ya kioo karakana nzima ni vumbi na wewe umo ndani. Na mchanga wa baharini achana nao, una silika (madini ambayo vumbi lake huharibu mapafu) na chumvi juu yake, tumia ganeti (punje za jiwe gumu) ama shanga za kioo.

Matunzo yanafanana. Nozeli ya kauri, ule mdomo wa bunduki, inalika, kioo kinachubuka, na hewa ya pwani ina unyevu, usipoweka kichujio cha kunasa maji kwenye hewa ganeti inagandana kwenye paipu. Kompresa ya lita 50 itahema kwa yote mawili.

Unasafisha kabureta za bodaboda kila siku? La dukani litajilipa. Bawaba na nanga za mashua mara moja moja, pipa latosha, ila pima mlango kwanza, nanga nyingine haiingii.