Viza ya mama na nakala zilizobaki steshenari: huduma niliyoipata Mwanga, Kigoma

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kwenye steshenari moja iliyo karibu na soko la Mwanga, hapa Kigoma, ili tujaziwe maombi ya viza ya mtandaoni ya kwenda India kwa matibabu. Kwa kazi yenyewe sina lawama. Kijana aliyetuhudumia alimwamkia mama kwa heshima, akampa kiti, akaijaza fomu ile ndefu bila kukosea hata tarehe moja, akaipunguza picha mpaka mfumo ukaipokea, nasi tukamlipa shilingi 15,000. Viza ilitoka baada ya siku tatu.

Kinachonisumbua ni namna alivyozishika taarifa za mama. Kwa kuwa skana ilikuwa mbovu, alitutaka tumtumie ukurasa wa picha wa pasipoti, pamoja na barua ya hospitali inayotaja ugonjwa, kwenye WhatsApp ya simu yake mwenyewe. Barua pepe aliyoiandika kwenye maombi ilikuwa yake pia, hivyo majibu ya maombi yalikuwa yanamfikia yeye kabla yetu. Na alipofungua kompyuta, pasipoti za wateja wengine zilikuwa zimejipanga pale kwenye kioo, kila faili na jina la mwenyewe, watu wa kwenye foleni wakiziona. Nilimwuliza huzifuta lini. "Hatufuti, kaka, mteja akirudi tunamrahisishia." Alisema hivyo kwa nia njema, naamini, na kwa sababu hiyo naona jambo hili halijaeleweka kabisa katika biashara hizi.

Pasipoti za kielektroniki, ambazo Tanzania inazitoa tangu mwaka 2018, zina chipu yenye picha ya uso wa msafiri. Mashine ya mpakani haiwezi kuisoma chipu hiyo mpaka kwanza isome mistari iliyo chini ya ukurasa wa picha, kwa sababu ufunguo wake hutengenezwa kutokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Alama za vidole, kwa viwango vya kimataifa, hupewa kufuli la pili linalohitaji kibali cha nchi iliyotoa pasipoti. Lakini kufuli la kwanza, funguo zake zote zimeandikwa kwenye ukurasa uleule tulioutuma kwa WhatsApp. Neno la siri likivuja hubadilishwa. Uso wa mama yangu haubadilishwi. Akitua India atapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na hilo tulilikubali tulipoomba viza, ila hatukukubali nakala ibaki Mwanga bila kikomo.

Hata penye fedha na wataalamu, taarifa hupotea mikononi mwa wanaosaidia kazi. Mwaka 2019, picha za wasafiri takriban 184,000 zilizochukuliwa katika majaribio ya kutambua nyuso kwenye mipaka ya Marekani zilivuja, baada ya mkandarasi kuzihamishia kwenye mtandao wa kampuni yake bila ruhusa, kisha mtandao huo ukadukuliwa.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za kibayometriki (yaani za maumbile ya mwili, kama uso na alama za vidole) katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika. Sisi hatukuombwa ridhaa yoyote, hata ya mdomo.

Nilirudi siku ya pili kumwomba afute. Alifuta kwenye kompyuta mbele yangu, akafuta na kwenye simu, na wala hakuonyesha kuchukia. Kwa hilo namshukuru. Faili za wengine zilibaki palepale. Kwa kuchapa na kutoa kopi nitaendelea kwenda kwake, kwani ni mwaminifu na bei yake ni nafuu. Kwa viza na pasipoti sitarudi mpaka atakapokuwa anatumia barua pepe ya mteja mwenyewe, anaskani badala ya kuomba picha kwenye simu yake, na anafuta kila kitu mteja akiwa bado amekaa kwenye kile kiti alichompa mama.