Tahadhari: Muuzaji wa Postikadi Bandia za Wayahudi wa Salonica

Ndugu wakusanyaji, katika minada ya mtandaoni kuna muuzaji anayetangaza postikadi za Wayahudi wa Salonica, mji ambao leo ni Thessaloniki nchini Ugiriki, akidai kwamba zilichapwa kabla ya 1912, mji ulipokuwa bado chini ya dola ya Uthmaniya. Nimezikagua alizomuuzia rafiki yangu, na zote ni nakala za kisasa.

Picha zenyewe ni za kweli: wanawake wenye vazi la kichwani la hariri, lenye mkia mrefu mgongoni uliotariziwa lulu, na wazee waliovaa kanzu ndefu na majoho yenye manyoya kwa ndani. Kilichoghushiwa ni umri wa kadi. Kwa kioo cha kukuzia zinaonekana nukta za rangi za printa ya siku hizi. Mkunjo wa pembeni, ukiupapasa kwa kidole, huusikii, kwa sababu umechapwa pamoja na picha. Na doa la kadi ya rafiki yangu liko palepale kwenye kadi nyingine aliyoitangaza baadaye. Hata stempu na muhuri wa posta vimechapwa. Chini ya taa ya urujuanimno (UV) karatasi inang'aa buluu, jambo lisilotarajiwa kwa karatasi ya miaka hiyo, ingawa karatasi isiyong'aa peke yake haithibitishi kwamba kadi ni ya kale.

Jambo hili linaniuma. Moto wa 1917 uliteketeza mitaa mingi ya Wayahudi wa mji huo, na 1943 Wanazi waliwasafirisha karibu wote hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kadi halisi yenye mwandiko na tarehe ni ushahidi wa watu hao, na anayebuni tarehe anauvuruga ushahidi huo.

Msikubali kuharakishwa na madai yake kwamba kadi hizi ni adimu mno, kwani askari wa Ufaransa na Uingereza waliokuwa Salonica katika Vita Kuu ya Kwanza walituma kwao kadi nyingi za mji huo, na bado zinapatikana. Dai kwanza picha safi ya upande wa nyuma, huyu huikwepa.

Aliyekwisha kununua ahifadhi tangazo, bahasha na risiti, kisha adai fedha zake kupitia mnada wenyewe kabla muda wa malalamiko haujakwisha. Kadi ikibaki mikononi mwake, aandike nyuma kwa penseli neno "nakala", ili atakayeirithi asije akaiuza kama ya asili.